Nani Hujibu Jina Likiulizwa?

Kwa zaidi ya miaka 50 kompyuta zimekuwa zikiulizana majina na kuonyeshana njia. Makala haya yanafuatilia historia ya orodha hizo za majina, kuanzia masjala moja ya California hadi kasoro iliyoitikisa dunia ya tovuti mwezi Desemba mwaka 2021.

Siku ya Ijumaa, tarehe 10 Desemba mwaka 2021, wahandisi wa kompyuta katika mabenki, wizara na viwanda vya nchi nyingi waliacha shughuli walizokuwa nazo na kuanza kutafuta kitu kimoja: programu ndogo iitwayo Log4j. Haikuwa programu inayojulikana na watu wa kawaida. Kazi yake ni ya karani, yaani kuandika katika daftari kila kinachotokea ndani ya tovuti: nani ameingia, saa ngapi, ameomba nini na amekataliwa kwa sababu gani. Siku moja kabla ilikuwa imebainika hadharani kwamba karani huyo anaweza kudanganywa. Mtu aliyeko popote duniani, bila ya neno la siri wala kibali, aliweza kuandika mstari mmoja wa maneno mahali pa kuandikia jina lake, na kwa mstari huo akaitawala kompyuta iliyokuwa ikimhudumia.

Hila hiyo haikuhitaji kuvunja kufuli. Ilihitaji swali tu. Karani aliambiwa kwamba hapa pana jina, na maana yake inapatikana kwa fulani, nenda ukaulize. Akaenda, akauliza, akapewa jibu, na akalifuata jibu lile bila ya kujiuliza aliyempa ni nani.

Kuulizana majina ndiyo kazi kongwe kuliko karibu zote katika mtandao wa kompyuta, na ilianza wakati ambapo anayejibu alijulikana na kila mtu.

Masjala ya Menlo Park

Mtandao wa ARPANET, ambao ndio mzazi wa intaneti, ulianza kazi mwaka 1969 kwa gharama ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Mwisho wa mwaka huo ulikuwa na vituo 4 tu. Kila kompyuta ilikuwa na nambari yake, lakini binadamu hushika majina kwa wepesi kuliko nambari, hivyo kila kituo kikajitungia orodha ya majina ya jirani zake. Matokeo yake yalikuwa kama ya kijiji ambacho kila nyumba ina lakabu zake: kompyuta moja iliitwa hivi huku na vile kule. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja, Peggy Karp, alipendekeza majina hayo yafanywe kuwa ya namna moja. Mwezi Desemba mwaka 1973 Peter Deutsch naye akapendekeza orodha iwe moja, iwekwe mahali pamoja, na wote waichukue hapo. Mwaka uliofuata jambo hilo likatekelezwa. Orodha hiyo ilipewa taasisi ya utafiti ya SRI iliyoko Menlo Park, California, na faili lake likaitwa HOSTS.TXT.

Aliyekuja kuiongoza ofisi hiyo alikuwa Elizabeth Feinler, ambaye wenzake wote walimwita Jake. Alizaliwa mwaka 1931 katika jimbo la West Virginia. Hakuwa mhandisi wa kompyuta. Alisomea kemia, na kabla ya kufika SRI alikuwa amefanya kazi ya kukusanya na kupanga taarifa za wanakemia, kazi inayofanana zaidi na ya mkutubi. Mwaka 1972 alichukuliwa na Douglas Engelbart, yule yule aliyebuni kipanya cha kompyuta, na jukumu lake la kwanza lilikuwa kuandika kitabu cha mwongozo cha rasilimali za ARPANET: nani ana nini, na anapatikana wapi.

Chuo kikuu kilichotaka kuunganisha kompyuta mpya kililazimika kuwasiliana na ofisi hiyo katika saa za kazi. Watumishi walitazama kama jina lililoombwa limekwishachukuliwa, wakaliandika katika faili, na baada ya hapo vituo vingine vikalinakili faili zima. Ilikuwa ni masjala hasa, kwa maana ile ile inayofahamika katika ofisi za serikali za Afrika Mashariki: jalada halipo mpaka karani aseme lipo. Ofisi ya Feinler ndiyo pia iliyoanzisha huduma ya kutafuta watu iitwayo WHOIS, ambapo jina la mtu likiulizwa hurudi anwani yake na nambari yake ya simu.

Uaminifu wa mpango ule haukutokana na hesabu za siri wala vyeti. Jina lilikuwa la kweli kwa sababu ofisi ya Jake ndiyo iliyoliandika, na mwenye shaka aliweza kupiga simu. Mwaka 1981 kompyuta zilizokuwamo katika orodha zilikuwa 213. Katika idadi hiyo masjala moja inatosha. Lakini kadiri kompyuta zilivyoongezeka, ndivyo faili lilivyokuwa refu zaidi na ndivyo walioliomba walivyozidi kuwa wengi, hata nakala ikawa imepitwa na wakati kabla haijafika ilikokuwa ikienda. Jambo jingine lilikuwa baya zaidi. Majina yote yalikaa katika kapu moja, kwa hiyo aliyetangulia kuchukua jina zuri aliwafungia wengine wote.

Ali bin Juma bin Hamisi

Suluhisho lilitoka katika taasisi nyingine ya California, ile ya sayansi ya taarifa ya Chuo Kikuu cha Southern California. Jon Postel, mtu mwenye ndevu ndefu ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtunza nambari wa mtandao, alimpa kijana Paul Mockapetris mapendekezo matano yaliyokuwa yakishindana na akamtaka ayapatanishe. Mockapetris hakuyapatanisha. Alibuni mpango wake mwenyewe, na mwezi Novemba mwaka 1983 akautangaza. Huo ndio mfumo wa majina ya intaneti unaojulikana kwa herufi DNS, na ndio unaotumika hadi leo.

Wazo lake si geni kwa Mswahili. Katika mji mkubwa, jina la Ali peke yake halimwonyeshi mtu. Ndipo husemwa Ali bin Juma, na ikiwa bado haitoshi, Ali bin Juma bin Hamisi. Jina la intaneti hujengwa vivyo hivyo: mbele yuko mtoto, katikati mzazi, mwisho babu. Anayetafuta huanza kwa babu. Kompyuta inayotaka tovuti ya duka fulani la Dar es Salaam huiuliza kwanza seva ya mzizi, ambayo haimjui mwenye duka lakini inajua ni nani mwenye dhamana ya majina yanayoishia na tz. Huyo wa tz naye humwelekeza mbele, mpaka apatikane yule anayeijua nambari yenyewe. Hakuna anayehitaji kuijua orodha yote. Kila mmoja hujibu kwa walio chini yake tu, na jibu likishapatikana huwekwa akibani kwa muda, ili swali lile lile lisisumbue tena.

Katika Kiswahili cha sasa jina la namna hiyo huitwa jina la kikoa. Wazee wa pwani wanalijua neno kikoa kwa maana nyingine, ya chakula cha shirika ambacho kila mmoja hukitoa kwa zamu yake, na maana hiyo ya zamani inaueleza mfumo huu vizuri zaidi: kila mmoja hupika kwake, na wote wanakula.

Ofisi ya Feinler ilishiriki kuamua mababu wa mwanzo wangekuwa akina nani, na huko ndiko zilikotoka herufi za com, edu, gov, mil, org na net, zilizoanza kutumika mwaka 1985. Kwa nchi, Postel alichukua orodha ya herufi mbili mbili iliyokwisha tayarishwa na Shirika la Viwango la Kimataifa, ISO. Ulikuwa uamuzi wa hekima, kwani mtu mmoja aliyekaa nyuma ya meza huko Los Angeles hakutaka kuwa mwamuzi wa nani ni nchi na nani si nchi.

Herufi za ke za Kenya ziliingizwa mwaka 1993, na tz za Tanzania mwaka 1995. Kwa upande wa Kenya, msimamizi wa kiutawala alikuwa Dakta Shem Ochuodho, lakini usimamizi wa kiufundi ulikuwa mikononi mwa Randy Bush, mhandisi wa Marekani aliyezisaidia nchi kadhaa za Afrika katika miaka ile. Kwa maneno mengine, jina la Kenya lilikuwa na mlezi nje ya Kenya, hadi dhamana ilipohamishiwa kwa taasisi ya KENIC mwaka 2002. Kulea jina la mwenzio kwa nia njema ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, kukaa miaka karibu 10 ukitegemea hisani ya mtu aliye ng'ambo ni jambo jingine.

Nchi iliyobadilika jina

Kisa cha Kongo kinaonyesha upande mwingine. Zaire ilikuwa imepewa herufi zr. Mwezi Mei mwaka 1997 majeshi ya Laurent Kabila yaliingia Kinshasa, Mobutu akakimbia, na nchi ikarudia kuitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. ISO ikabadilisha herufi kuwa cd. Katika intaneti herufi mpya ziliingizwa mwaka huo huo, na zile za zamani zikaachwa kwa muda ili wenye majina wahame. Mwaka 2001 zr zilifutwa kabisa katika mzizi.

Kufutwa katika mzizi si sawa na kubomolewa. Kompyuta inaweza kuwa inawaka pale pale ilipokuwa jana, barua zimo ndani yake, kurasa zimo ndani yake. Kilichopotea ni mtu wa kusema iko wapi. Yugoslavia nayo ilifutiwa herufi zake mwaka 2010, ilhali zile za Umoja wa Kisovieti, uliovunjika mwaka 1991, hazijaondolewa mpaka leo. Kwa hiyo kufa kwa dola na kufa kwa jina lake katika mzizi ni mambo mawili mbalimbali, na la pili huamuliwa kwa barua za kiofisi.

Na ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya mzizi wenyewe? Kwa miaka mingi hakuna aliyetaka kuuliza swali hilo kwa sauti. Jioni ya tarehe 28 Januari mwaka 1998 Postel alilijibu kwa vitendo. Aliwaandikia wasimamizi wa seva 8 za mzizi akiwataka waache kuchukua orodha yao kutoka kampuni ya Network Solutions, iliyokuwa na mkataba na serikali ya Marekani, na badala yake waichukue kutoka kompyuta ya taasisi yake. Wakatii. Hapakuwa na sheria iliyowalazimisha. Walitii kwa sababu aliyeomba alikuwa Jon. Watumiaji wa intaneti hawakuhisi lolote, kwa kuwa orodha zote mbili zilikuwa na maneno yale yale, lakini Washington iliingiwa na hofu. Ira Magaziner, mshauri wa Rais Bill Clinton, aliingilia kati, na Postel akarudisha mambo kama yalivyokuwa, akieleza kwamba lilikuwa jaribio tu. Mwezi Septemba mwaka ule ule ikaundwa ICANN, shirika la kusimamia majina. Postel alifariki dunia tarehe 16 Oktoba mwaka 1998 akiwa na umri wa miaka 55, na serikali ya Marekani iliendelea kushika mkataba wa mzizi hadi tarehe 1 Oktoba mwaka 2016.

Waswahili walio ughaibuni wana kumbukumbu ya karibu zaidi ya maana ya jina kukosa mjibuji. Tarehe 4 Oktoba mwaka 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa 6 duniani kote. Kosa lilifanyika katika matengenezo ya mtandao wa ndani wa kampuni, na seva zake za majina zikajiondoa katika ramani ya intaneti. Picha na ujumbe vilikuwa salama vilipokuwa, lakini simu iliyouliza Facebook iko wapi, iwe Muscat, London au Mombasa, haikupata jibu.

Kutoka nambari hadi watu na vitu

DNS hujibu swali dogo: jina hili lina nambari gani. Kuna maswali makubwa zaidi. Mfanyakazi huyu ni nani, yuko idara gani, neno lake la siri ni lipi, anaruhusiwa kufungua chumba kipi? Maswali hayo yanahitaji kitu kinachofanana na kitabu cha simu kuliko orodha ya nambari, na kitu hicho wataalamu wamekiita saraka.

Jaribio kubwa la kwanza la kuunda saraka ya dunia nzima lilifanywa na mashirika ya simu pamoja na ISO, nalo likatangazwa mwaka 1988 kwa jina la X.500. Lilikuwa na kila kitu isipokuwa wepesi. Kompyuta ndogo za mezani za wakati ule hazikuweza kuubeba mzigo wake. Mwaka 1993 Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan pamoja na wenzake Steve Kille na Wengyik Yeong walitoa itifaki iliyopunguza mizigo hiyo, wakaiita LDAP, na herufi yake ya kwanza inasimama badala ya neno lenye maana ya nyepesi. Nyepesi hiyo ndiyo iliyoenea. Microsoft iliijengea saraka yake katika Windows 2000, na tangu wakati huo mamilioni ya watu wanaofungua kompyuta za ofisini asubuhi huanza siku yao kwa swali lililoulizwa katika saraka kwa niaba yao.

Wakati huo huo tovuti zilikuwa zikibadilika. Katika miaka ya mwanzo tovuti ilikuwa kama ubao wa matangazo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 ilikuwa imekuwa dirisha la benki. Nyuma ya dirisha pana hifadhidata ya akaunti, pana seva ya barua, pana foleni ya malipo, na programu inayomhudumia mteja inapaswa kuvifikia vyote. Waandishi wengi wa programu walifanya jambo lililo rahisi: waliandika anwani ya hifadhidata, pamoja na neno lake la siri, ndani ya programu yenyewe. Hifadhidata ikihamishwa chumba, programu ilibidi ifunguliwe na kuandikwa upya. Mfanyakazi akiondoka, neno la siri aliondoka nalo kichwani. Na ile nakala ya programu iliyokuwa ikijaribiwa mara nyingine ilielekezwa kwa makosa kwenye fedha za kweli.

Mwaka 1997 kampuni ya Sun Microsystems, iliyokuwa imeitoa lugha ya Java miaka miwili kabla, ilitangaza utaratibu uitwao JNDI, ambao unaweza kuelezwa kuwa ni dirisha moja la Java la kuulizia majina na saraka. Mwezi Desemba mwaka 1999 ukawa sehemu ya jukwaa lake la kujengea tovuti kubwa za mashirika. Kwa utaratibu huo mwandishi wa programu haandiki anwani tena. Anaandika jina tu, tuseme jdbc/Akaunti. Msimamizi wa seva, ambaye ni mtu mwingine, ndiye anayelifunga jina hilo kwenye hifadhidata yenyewe. Katika seva ya majaribio jina linaelekea hifadhidata ya majaribio. Katika seva ya kazi linaelekea ile ya kweli. Na programu haikuguswa hata herufi moja. Neno la siri linabaki kwa anayestahili kulijua.

Ni ubunifu mzuri, na hapana budi kusemwa hivyo kabla ya kueleza ubaya uliofuata. Feinler angeutambua mara moja. Kazi ya kuita imetengwa na kazi ya kujua, na katikati yao kuna masjala.

Lakini waliobuni JNDI walikuwa na tamaa kubwa zaidi. Walitaka dirisha hilo moja liulizie popote: katika seva ya ndani, katika DNS, katika LDAP, na katika huduma nyinginezo. Walitaka pia jibu lisiwe nambari au neno tu, bali liweze kuwa kitu kizima cha Java, na ikiwa muulizaji hana maelekezo ya kukiunda kitu hicho, jibu limwonyeshe mahali pa kuyachukua mtandaoni. Miaka ya 1990 ilikuwa na imani kwamba programu zitasafiri zenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kama wasafiri wenye pasi halali. Katika imani ile, kuchukua maelekezo kutoka kwa aliyejibu na kuyatekeleza papo hapo kulionekana kuwa ni huduma.

Karani na daftari lake

Mwezi Agosti mwaka 2016 watafiti wawili, Alvaro Muñoz na Oleksandr Mirosh, walisimama mbele ya mkutano wa usalama wa kompyuta wa Black Hat mjini Las Vegas na kuonyesha hatari hiyo hatua kwa hatua. Ikiwa mgeni anaweza kuchagua jina linaloulizwa, walisema, basi anaweza kuchagua pia nani atajibu, na anayejibu anaweza kuleta amri badala ya jibu. Wenye Java wakaanza kufunga milango, na mwaka 2018 matoleo mapya yalikataa kuchukua maelekezo kutoka mbali kupitia LDAP. Mlango mkubwa ulifungwa, ijapokuwa nyufa zilibaki.

Jambo ambalo wachache walilitazama ni kwamba tangu mwaka 2013 yule karani Log4j alikuwa amefundishwa kutumia dirisha lile lile. Log4j ni programu huria, inayotunzwa na watu wa kujitolea chini ya mwavuli wa Apache, wengi wao wakiwa na ajira nyingine mchana. Mtumiaji mmoja aliomba iwezekane kuulizia majina ya JNDI katika faili la mipangilio, lile linaloandikwa na msimamizi mwenyewe. Ombi lilikuwa la maana na likakubaliwa. Tatizo ni kwamba Log4j haikuwa ikizitafuta alama za kuulizia ndani ya faili la mipangilio peke yake. Ilizitafuta pia ndani ya ujumbe wenyewe uliokuwa ukiandikwa katika daftari. Na ujumbe hutoka kwa nani? Hutoka kwa yeyote anayegonga mlango: jina alilojiita, neno alilotafuta, aina ya simu aliyonayo.

Hapo ndipo mlolongo wote ulipokamilika. Mgeni anaandika alama hizo mahali pa jina. Tovuti inakataa kumwingiza, na kama ilivyo desturi inamwambia karani aandike kwamba fulani amekataliwa. Karani anaona alama, anaacha kuandika, anakwenda kuuliza kwenye saraka iliyotajwa. Saraka ni ya mgeni. Jibu linarudi na amri.

Tarehe 24 Novemba mwaka 2021 Chen Zhaojun, mtaalamu wa usalama wa Alibaba Cloud nchini China, aliwaandikia watunzaji wa Log4j kuwaarifu juu ya kasoro hiyo. Walianza kuirekebisha, lakini tarehe 9 Desemba habari ikavuja. Miongoni mwa wa kwanza kuathirika walikuwa wachezaji wa Minecraft, ambako ilitosha kuandika mstari mmoja katika maongezi ya mchezo. Kasoro ilipewa alama 10 kati ya 10 za ukali. Serikali ya jimbo la Quebec, Canada, ilifunga kwa tahadhari karibu tovuti 4,000. Wizara ya Ulinzi ya Ubelgiji ilithibitisha kwamba mtandao wake umeshambuliwa. Watunzaji wa Log4j walikesha wakitoa toleo moja baada ya jingine huku wakilaumiwa na makampuni tajiri ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yameitumia kazi yao bila ya malipo. Huko China, wizara inayohusika na teknolojia iliisimamisha Alibaba Cloud kwa miezi 6 katika ushirikiano wao wa kupeana taarifa, kwa kuwa haikuiarifu serikali mapema.

Sehemu iliyowachosha zaidi wahandisi haikuwa kurekebisha. Ilikuwa kuijua iko wapi. Log4j hufichwa ndani ya programu nyingine, ambayo nayo imo ndani ya nyingine, na mashirika mengi yakagundua kwamba yanajua kila kiti na kila meza iliyomo ofisini lakini hayana orodha ya programu zilizomo ndani ya kompyuta zao.

JNDI haikuondolewa. Tovuti za Java bado huulizia hifadhidata zao kwa majina kama ilivyokuwa mwaka 1999, na waandishi wa programu bado hufundishwa kufanya hivyo. Kilichobadilika ni mipaka. Katika matoleo ya Log4j yaliyotolewa kabla ya mwaka 2021 kumalizika, karani hatafuti tena alama ndani ya ujumbe, uwezo wake wa kutumia JNDI umefungwa mpaka msimamizi aufungue kwa makusudi, na hata ukifunguliwa anaruhusiwa kuulizia majina ya ndani ya seva yake tu. Bodi ya serikali ya Marekani iliyolichunguza tukio hilo ilitoa ripoti yake mwezi Julai mwaka 2022. Ilikadiria kwamba nakala za zamani, zisizorekebishwa, zitaendelea kupatikana ndani ya mifumo ya kompyuta kwa muda wa miaka 10 au zaidi.